Hema Kando ya Zizi: Mfugaji wa Ziwani na Mgeni Anayekuja Kutazama Wanyama

Mazungumzo kwa wafugaji na wenyeji wa ukanda wa ziwa, Kaunti ya Kisumu



Watu wa Nyakach wanamkumbuka Omieri. Alikuwa chatu mkubwa, na kwa imani ya wazee alipoonekana ilikuwa dalili ya mvua na mavuno mema. Kwa hiyo aliachwa apite. Mwaka 1987 moto wa nyasi ulimkuta. Aliungua, akapelekwa Nairobi kutibiwa, na huko akafa. Mwaka 2003 chatu mwingine alitokea Wasare, huko huko Nyakach, karibu na boma la mwenyeji mmoja, naye akaitwa Omieri vilevile. Watu wakamiminika kumtazama. Kijiji kikagawanyika: wengine walisema ameleta mvua, wengine wakahofia mbuzi, ndama na watoto wao.

Ndani ya kisa hicho mna mambo matatu ambayo mazungumzo haya yanayahusu. La kwanza ni mnyama wa porini anayeishi katikati ya watu na mifugo yao, mahali pasipo na ua wala lango. La pili ni watu walio tayari kufunga safari ili wamwone. La tatu ni moto wa kiangazi, ambao ndio uliomaliza kisa cha kwanza.

Siku hizi wafugaji kadhaa wa kando ya ziwa wanauliza swali moja: je, boma lenye ng'ombe linaweza kupokea wageni wanaotaka kupiga kambi na kutazama wanyama na ndege, bila kuacha kuwa boma la ng'ombe? Jibu ni ndiyo, kwa masharti. Sharti kubwa kuliko yote linahusu mafunjo, na litaelezwa hapa kwa hesabu.

Wengine wamefanyaje

Wazo lenyewe si geni. Australia kuna mashamba ya ng'ombe yaliyo makubwa kuliko Kaunti nzima ya Kisumu, na baadhi yake hupokea watu wanaokuja kulala kwenye mahema, kusikiliza ndege alfajiri na kuona ng'ombe wakikusanywa. Hapa Kenya mfano ulio karibu ni Laikipia. Hifadhi ya Ol Pejeta, yenye takriban ekari 90,000, ilikuwa ranchi ya ng'ombe, na mpaka leo inafuga maelfu ya ng'ombe, wengi wao Boran, kwenye malisho yale yale wanamolisha pundamilia na vifaru. Usiku ng'ombe hulazwa katika maboma ya kuhamishika yaliyojengwa kwa vyuma ili simba wasiingie. Baada ya siku kadhaa boma husogezwa, na mahali lilipokuwa, kwa sababu ya samadi, nyasi huota nzuri kuliko kwingine. Swala hufuata nyasi hizo, na wageni huwafuata swala.

Lewa nayo ilikuwa shamba la ng'ombe la familia. Mwaka 1983 sehemu yake ilitengwa kwa ajili ya vifaru, na mwaka 1995 eneo lote likawa hifadhi. Upande wa Mara, wenye ardhi waliounganisha vipande vyao, kama wale wa Olare Orok mwaka 2006, hulipwa kodi na kampuni za utalii, na ng'ombe wao huingia malishoni kwa zamu zilizokubaliwa.

Mwaka 2020 mifano hiyo yote ilipata mtihani mmoja. Mwezi Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya Korona, na kambi zikabaki bila wageni. Mfugaji aliyekuwa bado na ng'ombe alikamua asubuhi iliyofuata kama kawaida. Aliyekuwa amemaliza zizi ili ajenge vibanda vya wageni hakuwa na cha kukamua. Somo la mwaka huo ni fupi: ng'ombe ndiye mwenye nyumba, hema ni mgeni.

Kisumu haina ekari 90,000 za mtu mmoja. Ina maboma madogo, mashamba ya ekari mbili tatu, malisho ya pamoja na ufuo wa umma. Kwa hiyo hakuna haja ya kuiga Laikipia kwa ukubwa. La kuiga ni utaratibu: ng'ombe na wanyamapori kushiriki ardhi moja kwa mpango, na pesa ya mgeni kupewa kazi maalumu.

Mgeni anakuja kuona nini

Wengi wakisikia wanyama hufikiria simba na ndovu, kisha husema ufuo wa ziwa hauna kitu. Wageni wanaopenda ndege hawasemi hivyo. Vinamasi vya Dunga, Koguta na Kusa vinajulikana na wataalamu wa ndege wa dunia kwa sababu vina ndege wasiopatikana mahali pasipo na mafunjo. Mmoja wao ana mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu na utosi wa manjano. Huishi ndani ya mafunjo, hujenga ndani ya mafunjo, na mafunjo yakiisha haendi kuishi kwenye migomba wala kwenye mahindi. Anatoweka tu. Mtu anaweza kusafiri kutoka Ulaya au Marekani kwa ajili ya ndege huyo mmoja, akakaa saa tatu kwenye mashua akingoja atokeze kichwa.

Ndani ya mafunjo hayo hayo yumo nzohe, swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, ndiyo maana hutembea juu ya matope na mafunjo yaliyolala bila kuzama. Akishtushwa hujitosa majini na kuacha pua peke yake nje. Huko Kitale, Mbuga ya Taifa ya Saiwa ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama huyu, na wageni humtazama kutoka kwenye majukwaa ya mbao, kimya kimya, mapema asubuhi. Mbuga hiyo ni ndogo sana, lakini watu huenda.

Ng'ombe wenyewe ni sehemu ya maonyesho, na hili wafugaji wengi hawalijui kwa kuwa wamelizoea. Yangeyange weupe hufuata kundi ili wakamate panzi wanaorushwa na miguu ya ng'ombe. Kuanzia Oktoba hadi Machi huja ndege wadogo wa manjano wanaotikisa mkia, ambao wametoka Ulaya na Asia, na hutembea katikati ya miguu ya ng'ombe wakidona nzi. Korongo wenye taji, ambao watu wa hapa huwaita ong'owang', hutafuta chakula kwenye malisho mafupi yaliyoliwa na ng'ombe, kisha hutaga ndani ya matete. Tangu mwaka 2012 wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mgeni aliyekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya zizi jioni, ng'ombe wanaporudi, anaweza kuona ndege wengi kuliko aliyezunguka siku nzima kwa gari.

Kuna pia viboko, ambao watasemwa peke yao hapa chini. Na kwa mgeni mwenye siku mbili au tatu, jirani kuna mengine: Hifadhi ya Impala mjini Kisumu, iliyotangazwa mwaka 1992; Kisiwa cha Ndere, mbuga ya taifa tangu mwaka 1986; jiwe la Kit Mikayi huko Seme; na, ng'ambo katika Kaunti ya Homa Bay, Mbuga ya Ruma katika Bonde la Lambwe, mahali pekee Kenya anapoishi porini yule swala mkubwa aitwaye korongo, mwenye jina moja na ndege. Boma linalopokea wageni halishindani na mahali hapo. Linampa mgeni mahali pa kulala na sababu ya kukaa siku moja zaidi.

Hesabu ya hema na ya maziwa

Hesabu ifuatayo ni ya mfano. Kila mfugaji aweke bei za kwao.

Chukulia boma lenye ng'ombe watatu wanaokamuliwa, kila mmoja akitoa lita nne za kuuza kwa siku. Hizo ni lita 12. Lita moja ikiwa shilingi 60, mapato ya siku ni shilingi 720, na ya mwezi ni shilingi 21,600, kabla ya kutoa gharama za dawa, chumvi na josho.

Boma hilo hilo liwe na nafasi ya mahema mawili. Wageni waje wikendi tatu kwa mwezi, walale usiku mbili kila wikendi, na kila hema lilipe shilingi 1,000 kwa usiku. Mapato ni shilingi 12,000. Mlinzi wa usiku akilipwa shilingi 700 kwa zamu sita, zinaondoka 4,200. Maji, kuni, sabuni na usafi wa choo viondoe 1,800. Zinabaki shilingi 6,000 kwa mwezi. Miezi ya masika mengi, tope na mafuriko ya Nyando huzuia wageni, kwa hiyo ihesabiwe miezi minane tu ya kazi. Kwa mwaka zinabaki shilingi 48,000.

Maziwa yanashinda hema, tena kwa mbali. Anayeambiwa auze ng'ombe anunue mahema anadanganywa. Lakini shilingi 48,000 si kidogo, na swali linalostahili kuulizwa ni zifanye kazi gani.

Hapa ndipo mafunjo yanapoingia.

Pesa ya hema inunue nyasi ya kiangazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, kabla ya mvua ndefu, malisho ya Kano, Nyakach na Seme hukauka. Sehemu iliyobaki kijani ni kinamasi. Mfugaji aliye na ng'ombe wenye njaa huona mafunjo yaliyokomaa, ambayo ng'ombe hawayapendi, na anajua kwamba yakichomwa yatachipua machipukizi laini ndani ya wiki chache. Anawasha moto. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Anaokoa mifugo yake.

Moto ule, hata hivyo, unafanya kazi zaidi ya ile aliyoutuma. Unachoma viota na makinda. Unamwacha nzohe bila mahali pa kujificha, na mbwa na mikuki humfikia kwa urahisi. Kiangazi kikiwa kikali, moto hushuka hadi kwenye mizizi iliyokauka. Ng'ombe wakiingia mara moja kula machipukizi na kukanyaga yaliyobaki, mafunjo hudhoofika mwaka hadi mwaka, mpaka mahali pake huwa tope. Wanaoumia kwanza ni majirani. Mama anayesuka mikeka na vikapu vya togo hutembea mbali zaidi. Mvuvi hupoteza mahali ambapo samaki wachanga hujificha, na kamongo na mumi hupungua. Udongo unaoletwa na mito Nyando na Sondu, ambao mafunjo yalikuwa yakiuchuja, huingia moja kwa moja ghubani. Na mgeni mwenye darubini akija mwaka unaofuata, akakuta majivu, harudi, na huwaambia wenzake.

Sasa irudiwe ile hesabu. Robota moja la nyasi kavu likiwa shilingi 350, shilingi 48,000 hununua marobota 137. Robota likiwa na kilo 15, hizo ni zaidi ya kilo 2,000. Ng'ombe mdogo wa kienyeji akila kilo saba za nyasi kavu kwa siku, ng'ombe watatu watakula kilo 21. Nyasi hizo zinatosha siku 97. Kwa sehemu kubwa ya kiangazi, basi, ng'ombe watatu wa boma lile wanakula pesa ya mahema mawili, na hakuna sababu ya kuwasha kiberiti.

Huu ndio ujumbe mkuu wa mazungumzo haya. Mapato ya wageni yakimezwa na matumizi ya kila siku, boma litakuwa limepata kibarua kidogo, na kinamasi kitaendelea kuungua. Yakiwekwa kando kwa ajili ya lishe ya kiangazi, hema linalinda mafunjo, mafunjo yanamleta mgeni, na ng'ombe wanavuka Machi wakiwa na miili. Bei ya nyasi huwa chini mara baada ya mvua na hupanda kiangazi, kwa hiyo anayenunua mapema hupata marobota mengi zaidi. Anayeweza kupanda nepia kwenye mipaka ya shamba, au kukata nyasi zake mwenyewe na kuzihifadhi chini ya paa, atahitaji kununua kidogo zaidi. Afisa wa mifugo wa wadi anaweza kumwonyesha namna.

Jambo hili haliwezi kufanywa na boma moja. Kinamasi ni kimoja, na moto wa jirani hauulizi mpaka. Kwa hiyo inafaa maboma yanayopakana na kinamasi yakae pamoja, na wasusi wa mikeka, na kamati ya usimamizi wa ufuo, yakubaliane sehemu zipi zikatwe kwa zamu, zipi zilishwe, na zipi zisiguswe. Kila mgeni anayelala alipe na kiasi kidogo kinachoingia katika mfuko wa pamoja wa nyasi, ili jirani asiye na hema naye awe na sababu ya kuacha mafunjo yasimame. Jirani aliyeachwa nje ya faida ndiye mwenye kiberiti.

Mahali pa kusimika hema

Viboko wa ghuba hii hushinda majini na hutoka usiku kula nyasi. Kiboko mmoja hula kilo 40 hivi kwa usiku, na anaweza kutembea kilomita kadhaa kutoka ufuoni. Hupita njia ile ile usiku hadi usiku, na hurudi majini kabla ya jua. Hana haja na hema wala na mtu. Hatari huanza mtu anapokuwa kati yake na maji, au kati ya jike na mtoto wake, au anapommulika machoni kwa karibu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kambi ni hii: mwenyeji atembee ufuoni asubuhi kwa wiki kadhaa, asome nyayo na kinyesi, na aweke alama kwenye kila njia ya kiboko. Hema lisiwekwe njiani wala karibu na njia, na lisiwekwe kando ya maji hata kama mgeni ameomba ili aone jua likichomoza. Liwekwe mahali palipoinuka, karibu na nyumba na zizi. Choo kiwe karibu na mahema, ili mgeni asitembee gizani. Usiku mlinzi awe macho, na mgeni aambiwe wazi kwamba baada ya giza hakuna kushuka ufuoni, hata kidogo.

Mahali palipoinuka pana sababu nyingine. Mei 2020 ziwa lilipanda kupita kile kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakikitaja kama mwisho wa maji. Nyumba, mashamba na fuo nyingi zilizama, na viboko wakasogea karibu na milango ya watu. Anayepanga kambi akumbuke maji yalifika wapi mwaka huo, na ajenge juu ya mstari huo. Choo cha shimo kikichimbwa chini ya mstari huo, siku moja kitafunguka ndani ya ziwa ambalo watu wanakunywa maji yake.

Magonjwa nayo yatajwe bila aibu. Ukanda huu una malaria, kwa hiyo kila hema liwe na wavu usiotoboka, na mgeni aulizwe kama anatumia kinga. Maji ya ziwa yana kichocho. Mgeni asioge wala kuogelea kando ya matete. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Akitaka kwenda kwa mashua, kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla ya kupanda, naye nahodha awe anajulikana na kamati ya ufuo. Vijana wa Dunga wamekuwa wakiwapeleka wageni kuona ndege na viboko kwa miaka mingi. Wafugaji wa Nyando au Seme wanaweza kwenda kwao kujifunza badala ya kubahatisha.

Mgeni na ng'ombe

Boma ni mahali pa kazi, na mgeni anapaswa kulikuta likifanya kazi. Akija wakati wa kukamua, atazame, au akamue kama mwenyeji ameridhika na ng'ombe ni mpole. Wengi wa wageni, hata wale wa kutoka Nairobi na hata watoto wa mjini Kisumu, hawajawahi kumshika chuchu ng'ombe. Hicho ni kitu cha kuuza ambacho hakigharimu kitu.

Lakini sheria za zizi zitangulie. Lango likikutwa limefungwa, lifungwe tena. Fahali asikaribiwe. Ng'ombe mwenye ndama mchanga aachwe. Mbwa wa mgeni abaki kwake. Viatu vilivyotoka kwenye boma jingine visafishwe kwa maji yenye dawa kabla ya kuingia zizini, kwa kuwa ugonjwa wa miguu na midomo husafiri kwa matope. Siku ya josho au ya kunyunyiza dawa ya kupe, watoto wa wageni wasiwe karibu, na mabaki ya dawa yasimwagwe mtoni wala kwenye kinamasi. Dawa inayoua kupe ikimwagwa majini huua samaki pia, na baadhi ya dawa za zamani ziliwamaliza shashi, wale ndege wanaodonoa kupe kwenye migongo ya ng'ombe bila kudai malipo.

Sumu ya kutega ndege ni jambo zito zaidi. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, upande wa Busia, imewahi kuandikwa jinsi ndege walivyouawa kwa dawa ya wadudu na nyama yao kuuzwa sokoni. Nyama hiyo inakula watu. Kinamasi kilichotegwa sumu hakifai kwa mgeni, kwa ng'ombe, wala kwa mtoto wa boma lenyewe.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa kila mtu haki ya kuhifadhi wanyamapori kama njia halali ya kupata riziki kutokana na ardhi yake. Jamii inaweza kuunda hifadhi yake na kuisajili. Haki hiyo haimaanishi kuwamiliki wanyama. Kuwinda, kuwatega na kuwafuga bila kibali bado ni kosa.

Sheria hiyo hiyo inaeleza fidia. Mtu akiuawa na mnyama aliyeorodheshwa, kama kiboko au mamba, familia inastahili shilingi milioni 5. Akipata ulemavu wa kudumu, shilingi milioni 3. Akijeruhiwa kwa namna nyingine, hadi shilingi milioni 2. Hasara ya mazao na mifugo nayo inaweza kudaiwa. Tukio liripotiwe mapema katika ofisi ya KWS iliyo karibu, na madai hupitia kamati ya kaunti. Inafaa ijulikane pia kwamba aliyeshindwa kuchukua hatua za kawaida za kulinda mali yake anaweza kukosa fidia, na kwamba safari ya malipo huwa ndefu. Kinga ya mlinzi mmoja na mwanga wa zizini ni ya haraka kuliko fidia.

Kabla ya kumpokea mgeni wa kulipa, mwenyeji apate kibali cha biashara cha kaunti, na aulize Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii kuhusu leseni ya kambi. Afisa wa afya ya umma akague choo na jikoni. Anayetaka kujenga chochote karibu na kinamasi aanze na NEMA, kabla ya kununua saruji. Kipande cha ufuo kilicho cha umma hakigeuzwi kuwa cha mtu kwa kusimika hema.

Mwanzo mdogo

Hakuna anayehitaji kuanza kwa mkopo. Boma linaweza kuanza na nafasi mbili zilizofyekwa, choo safi, tangi la maji na mlinzi. Mgeni aje na hema lake. Msimu wa kwanza uwe wa kujifunza: wageni wangapi walikuja, walitaka kuona nini, na kiasi gani kilibaki. Kijana mmoja wa boma apewe darubini na daftari, aandike kila asubuhi ndege na wanyama aliowaona na mahali alipowaona. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko bango lolote la barabarani, kwa sababu mgeni huuliza, "Nitamwona wapi?" na kijana atakuwa na jibu.

Mwisho wa mwaka kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji mtaalamu. Mwezi wa Machi, kabla mvua haijaanza, mwenyeji asimame kando ya zizi lake atazame upande wa ziwa. Akiona marobota yamebaki chini ya paa, ng'ombe wamesimama imara, na mafunjo yamesimama kijani mpaka majini, kambi yake imefanya kazi. Akiona majivu, ajue pesa ya hema ilikwenda mahali pasipofaa, na apange upya kabla ya Desemba nyingine.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.